Punda milia wa tambarare, wa Grevy au wa milimani: uende kumwona yupi?

Mtu akisema anaenda kuangalia punda milia huwa tunaona ameshamaliza kusema, kumbe bado, maana duniani wamebaki wa aina tatu na hawafanani kama tunavyodhani. Wanatofautiana mistari, masikio, tumbo, namna ya kuishi na hata idadi ya kromosomu, wa milimani ana 32, wa tambarare 44, wa Grevy 46. Na sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati ambayo wengi hatujui kama tunayo, wawili kati ya hao watatu wako huku kwetu, mmoja unamuona ukiwa umekaa zako dirishani kwenye basi la Iringa, mwingine zaidi ya asilimia 90 ya waliobaki duniani kote wako Kenya. Wa tatu ndo mpaka uende Afrika Kusini, Namibia au kona ya kusini magharibi ya Angola.

Naandika kwa ajili ya mtu mwenye likizo moja na hela ya safari moja, anajiuliza aende wapi. Nitawapima wote watatu kwa mambo yale yale: mwonekano, maisha yake, pa kumwona na usafiri, hali yake ya sasa, halafu anamfaa nani. Viingilio sijaweka kwa sababu bei zinabadilika kila mara na mwananchi halipi sawa na mgeni, we angalia mwenyewe wiki unayosafiri na usisahau kitambulisho cha taifa, bila hicho getini utalipishwa bei ya mgeni.

Kabla hatujaenda mbali shika hili moja: ukikutana na punda milia angalia tumbo. Mistari ikizunguka mpaka chini ya tumbo ikakutana, huyo ni wa tambarare. Tumbo likiwa jeupe, pandisha macho kwenye masikio, yakiwa makubwa ya duara ni Grevy, yakiwa ya kawaida na kooni kuna ngozi inaning'inia, ni wa milimani. Ukilizoea hilo huwezi kuchanganya tena hata kwa picha ya mbali.

PUNDA MILIA WA TAMBARARE

Mwonekano: mistari mipana, hasa kwenye mapaja, mwili wa duara, miguu mifupi kiasi, masikio madogo. Kwa uzito wengi wako kati ya kilo 200 na 350. Wale wa kusini mwa Afrika utakuta wana mistari ya kivuli, yaani kati ya mstari mweusi na mwingine kuna kamstari kengine ka kahawia kamefifia, wa Serengeti na Mara hawana hiyo, wao ni nyeusi na nyeupe iliyokolea. Kaskazini mashariki mwa Uganda, Kidepo huko, na Sudan Kusini wako ambao hata wakiwa wakubwa hawana singa za shingoni. Na mwaka 2019 Maasai Mara alionekana mtoto mwenye madoadoa meupe badala ya mistari, picha zake zilizunguka dunia nzima. Kwa hiyo hata ndani ya aina moja mambo ni mengi, ukikaa nao nusu saa ukamwangalia mmoja mmoja unaona kabisa kwamba hakuna wawili wenye mistari sawa.

Maisha yake: hapa ndipo anapowapita wenzake kama unapenda kuangalia tabia za wanyama. Wanaishi kifamilia, dume moja, majike kadhaa na watoto wao, na majike hao wanaweza kukaa pamoja miaka na miaka hata dume likifa au likipinduliwa na lingine. Wakitembea kuna utaratibu, jike mwenye cheo anatangulia na watoto wake, anafuata wa pili na wake, hivyo hivyo, dume mara nyingi liko nyuma au pembeni. Simba au fisi wakitokea familia inajikusanya, dume linabaki upande wa hatari linapiga mateke na kung'ata, na mateke yake si mchezo, taya la mnyama linavunjika. Wawili wakiwa wametulia utawakuta wamesimama kila mmoja kaegemeza kichwa mgongoni kwa mwenzake wanakunana kwa meno, watu wengi wanaipiga picha hiyo bila kujua kwamba ndio namna yao ya kujenga ukaribu, halafu wakiwa hivyo kila mmoja anaona upande ambao mwenzake haoni.

Kinywaji ni karibu kila siku, ndo maana huwa hawakai mbali na maji. Kwenye msafara wa Serengeti wanakadiriwa kama 200,000 pamoja na nyumbu zaidi ya milioni, na mara nyingi punda milia ndo wanatangulia. Sababu iko tumboni, punda milia hacheui, chakula kinapita haraka, kwa hiyo anaweza kuishi kwa kula majani marefu makavu mengi, nyumbu yeye anacheua na anataka majani mafupi laini yanayobaki chini baada ya mwenzake kupita. Ukiyaona makundi hayo mawili yamechanganyika usidhani ni bahati tu, wanapishana sahani.

Pa kumwona: kwa kweli hapa utajichagulia. Mikumi barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inapita katikati ya hifadhi, kupita tu hulipi kiingilio, ila spidi ni 50 na kushuka kwenye gari usithubutu, ukitaka kukaa nao vizuri ingia getini. Tarangire nenda Julai mpaka Oktoba wakati wamebanana mtoni, mvua zikianza wanatawanyika kwenda tambarare za Simanjiro. Ndutu na kusini mwa Serengeti Januari mpaka Machi, Mara ni Julai mpaka Oktoba. Ngorongoro wako mwaka mzima. Nairobi National Park ipo tangu 1946 na ina kilomita za mraba 117 tu lakini punda milia wapo, nyuma yao magorofa, na wa Nairobi unaenda asubuhi unarudi mchana. Hell's Gate kule Naivasha unaendesha baiskeli wao wakiwa wanakula pembeni, hakuna sehemu nyingi duniani unaweza kufanya hivyo. Uganda kuna Ziwa Mburo, pale unatembea kwa miguu na askari wa hifadhi, Rwanda kuna Akagera. Kongo wamebaki Upemba, kundi dogo na kufika si rahisi. Burundi walishaisha.

Hali yake: wengi wanamuona yuko salama kwa vile anaonekana kila mahali, mimi naomba tusilale. Tathmini ya kimataifa ya 2016 ilimtoa kwenye kundi la wasio na shida ikamweka kwenye wanaokaribia hatari, makadirio yakiwa kama laki tano Afrika nzima, wakati mwaka 2002 walikadiriwa 660,000. Na ana ndugu yake aliyeitwa kwaga, wa Afrika Kusini, mwenye mistari mbele tu nyuma kahawia, aliwindwa mpaka akaisha kabisa, wa mwisho alifia kwenye bustani ya wanyama Amsterdam tarehe 12 Agosti 1883. Naye kuna wakati alikuwa wa kawaida.

Anamfaa nani: anayeenda mbugani mara ya kwanza, familia yenye watoto wadogo ambao hawawezi kukaa masaa manne kwenye gari wakisubiri mnyama mmoja, wanafunzi, na mtu anayependa kuangalia makundi yakiishi.

PUNDA MILIA WA GREVY

Mwonekano: huyu ndiye mkubwa kuliko wote wa jamii ya farasi wanaoishi porini, dume linafika kilo 350 mpaka 450, na ukimuona amesimama pembeni ya yule wa tambarare unashangaa tulikuwa tunawaitaje jina moja. Mistari yake ni myembamba imebanana, inamzunguka mapaja vizuri mno, tumbo jeupe, juu ya mkia napo peupe, mgongoni mstari mmoja mpana mweusi unateremka mpaka mkiani. Pua ni ya kahawia. Masikio makubwa ya duara, hayo unayaona kabla hujaona kitu kingine. Mtoto wake anazaliwa na mistari ya kahawia inayokaribia wekundu na singa zinazoanzia shingoni mpaka mwanzo wa mkia, akikua ndo zinabadilika kuwa nyeusi.

Jina lake limetoka kwa Jules Grévy, rais wa Ufaransa, mwaka 1882, baada ya Menelik aliyekuwa mfalme wa Shewa kumpelekea mmoja zawadi. Wafugaji wa kaskazini walikuwa wanamjua siku zote, jina la rais limekuja baadaye.

Maisha yake: usitegemee familia kama ile ya Serengeti, utakata tamaa bure. Dume lake linashika eneo, linaweza kufika kilomita za mraba 10, linaweka marundo ya kinyesi kama alama na linakaa hapo hata miezi ambayo majike hayapo. Majike wanapita tu kutafuta majani na maji, leo wako na hawa kesho na wengine. Kifungo kinachodumu kweli ni cha mama na mtoto wake. Mimba ni kama miezi 13. Maji, mkubwa asiyenyonyesha anaweza kukaa mpaka siku tano bila kunywa, lakini jike mwenye mtoto mchanga hawezi, anahitaji kila siku au siku ya pili, kwa hiyo wenye watoto utawakuta karibu na mto na madume wenye maeneo mazuri karibu na maji ndio wanaopata wageni. Wakati mwingine mama wanaenda kunywa wanaacha watoto kadhaa pamoja mahali pamoja. Sauti nayo tofauti, wa tambarare anabweka, Grevy analia kama punda wa kufugwa, ukiisikia usiku ukiwa kambini hutaisahau.

Hii ndo inafanya kumwangalia Grevy kuwe kazi ya uvumilivu. Unaweza kukuta dume limesimama peke yake juani saa nzima halifanyi kitu, mtu asiyejua anasema hapa hakuna kitu twende, anayejua anaona mwenye eneo anasubiri.

Pa kumwona: Samburu, Buffalo Springs na Shaba, hifadhi tatu zilizo jirani kwenye mto Ewaso Ng'iro. Kutoka Nairobi unapita Nanyuki, Isiolo mpaka Archers Post, lami yote, na mpaka Isiolo usafiri wa umma upo kila siku, kuanzia hapo ndo unahitaji gari la kuingilia hifadhini. Jua pia kwamba Samburu iko chini ya kaunti ya Samburu na zile mbili ziko chini ya kaunti ya Isiolo, kwa hiyo ulizia tiketi kabla, usidhani ya huku itakubalika kule. Lewa wapo wengi ila malazi ya pale ni ya gharama kubwa. Laikipia, Ol Pejeta kwa mfano, kuna uzuri wake wa pekee, unaweza kuwaona wa tambarare na Grevy siku moja, hata machotara wao wamezaliwa huko, dume la Grevy na jike la tambarare. Tsavo Mashariki wapo wachache waliohamishiwa 1964 na 1977, usipange safari ya Tsavo kwa ajili yao. Nje ya Kenya wamebaki Ethiopia, Alledeghi na upande wa kusini, wachache sana. Msimu mzuri ni kiangazi, Julai mpaka Oktoba na tena Januari na Februari, wakati mto ndo unawavuta.

Kizuri kingine, Samburu humkuti yeye tu, kuna twiga wa mistari kama wavu, choroa, swala twiga na mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya bluu, hao Serengeti na Mara si rahisi kuwakuta.

Hali yake: mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa kama 15,000, leo hawafiki hata robo ya hapo, wako kama 3,000. Kwanza waliuawa kwa ajili ya ngozi, baada ya hapo shida imekuwa majani na maji wanayogombania na mifugo, pamoja na ukame unaojirudia. Somalia hawapo tena. Mwisho wa 2005 mpaka mwanzoni mwa 2006 kimeta kiliwaua wengi upande wa Wamba, kaunti ya Samburu, ikabidi mifugo ya eneo lile ichanjwe kwa wingi, na ukame wa 2022 nao ukaondoka na wengine. Kwa mnyama aliyebaki idadi hiyo, makumi kadhaa kufa msimu mmoja ni pigo.

Lakini kuna kitu kinanipa moyo sana, kuhesabiwa kwao kunafanywa na watu wa kawaida. 2016 na 2018 mamia ya wananchi, wanafunzi na wafugaji waliingia porini kwa siku mbili wakiwa na kamera, kila mmoja anapiga picha ubavu wa kulia wa mnyama, halafu programu ya kompyuta inalinganisha mistari kujua nani ni nani ili asihesabiwe mara mbili. Ya 2018 ilipata kama 2,800 kwa Kenya. Kwa hiyo ukienda, piga ubavu wa kulia, picha safi yenye tarehe na mahali inaweza kuwa na maana kuliko selfi kumi.

Anamfaa nani: aliyekwishaona wa tambarare na anataka kingine, mpiga picha, mtu asiye na haraka, na mtu anayetaka hela yake ya utalii ifike kwenye maeneo ambayo jamii za wafugaji zenyewe ndo zinamlinda mnyama. Mtoto wa miaka minne anaweza kuchoka mapema, joto la Samburu ni kali.

PUNDA MILIA WA MILIMANI

Mwonekano: mdogo mdogo kuliko Grevy, tumbo jeupe, ngozi inayoning'inia kooni ambayo wenzake wote hawana, na makalioni mistari mipana sana halafu juu ya mkia kuna vimistari vifupi vya kukatisha kama ngazi. Kwato nyembamba na ngumu za kupanda mawe. Wako wa namna mbili, wa Cape wa Afrika Kusini na wa Hartmann ambaye wengi wako Namibia.

Maisha yake: anafanana na wa tambarare, familia ndogo ya dume na majike wachache, ila hutaona maelfu. Wanapanda na kushuka milima kufuata majani na maji.

Pa kumwona: wa Cape nenda Mountain Zebra National Park karibu na mji wa Cradock, Eastern Cape, au De Hoop, au Karoo. Wa Hartmann ni Namib-Naukluft na magharibi ya Etosha, na Etosha una nafasi ya kumlinganisha na wa tambarare hapo hapo. Kwenda Mountain Zebra kutoka kwetu ni ndege mpaka Johannesburg, ndege nyingine mpaka Gqeberha (zamani Port Elizabeth), halafu gari la kukodi masaa kama matatu. Mtanzania na Mkenya Afrika Kusini wanaingia bila viza mpaka siku 90, beba kadi ya homa ya manjano. Uzuri wa huko unaendesha mwenyewe gari dogo la kawaida, barabara za ndani zinaruhusu.

Hali yake: wa Cape waliwahi kubaki chini ya 100 kwenye miaka ya 1950, ile hifadhi ikiwa imeanzishwa 1937 kwa ajili yao, na sasa wamepanda mpaka maelfu. Punda milia wa milimani kwa jumla bado yuko kwenye orodha ya walio hatarini kiasi, na shida ya wa Cape ni kwamba wote wametokana na mabaki machache kwa hiyo damu zao zinakaribiana mno.

Anamfaa nani: mwenye safari ya kusini tayari, ya kikazi au kutembelea ndugu, akaongeza siku mbili tatu. Pia mpenda milima na hewa ya baridi. Kutoka Dar au Nairobi kwa ajili yake peke yake ni gharama, labda kama hao wawili umeshawamaliza.

Swali la mistari ni ya nini halitakusaidia kuchagua sababu wote watatu wanayo, ila kwa faida yako, maelezo yenye ushahidi mzuri mpaka sasa ni nzi wanaouma. 2019 watafiti Uingereza waliwavalisha farasi makoti ya mistari, nzi wakawa wanakuja vizuri lakini kutua wanashindwa.

SASA UCHAGUEJE

Uko Dar, una wikiendi tu, watoto wawili nyuma ya gari: Mikumi, usijisumbue kufikiria zaidi. Uko Nairobi na siku moja: National Park asubuhi, au Hell's Gate kama watoto wanaweza baiskeli. Kampala ni Mburo, Kigali ni Akagera.

Una siku nne tano, Serengeti au Mara ulishafika, na kamera unayo: panda Samburu msimu wa kiangazi, lala angalau usiku mbili, omba dereva akupeleke mtoni mapema asubuhi na akubali kuzima gari na kusubiri. Kama bajeti inabana lala Isiolo au Archers Post mjini badala ya ndani ya hifadhi, ila utapoteza ile saa ya kwanza ya mwanga kama hukuamka usiku.

Mwalimu anayetaka wanafunzi waone tofauti kwa macho yao, Laikipia ndo jibu, wote wawili siku moja, wape karatasi wachore tumbo na masikio ya kila mmoja.

Unaogopa joto au unasafiri na mzee, Ngorongoro, juu kuna baridi na bondeni wanyama wako karibu hutatembea sana. Una ndugu Johannesburg au Windhoek, subiri uende kwake ndo umuongeze wa milimani.

Na kama umekwama kabisa kati ya wa tambarare na Grevy kwa sababu hujamuona yeyote, anza na wa tambarare. Ukishajua mistari ya kawaida ikoje, siku utakayofika Archers Post macho yako yatajua kinachotafutwa, hutahitaji mtu akuonyeshe.